Kumsaka Mkulima Falmouth Kearney Katika Makaratasi ya Karne ya 19

Leo PHP na MySQL zinapumzika kidogo (sio sana, mtaona), maana nataka tumfuate mkulima mmoja aliyefariki mwaka 1878 huko Indiana, Marekani. Jina lake Falmouth Kearney. Hakuwahi kuwa gavana wala jenerali. Alilima, akazaa, akafa. Lakini binti yake Mary Ann alimzaa Ralph Dunham, Ralph akamzaa Stanley, Stanley akamzaa Ann, naye Ann akakutana na mwanafunzi mmoja Mjaluo huko Hawaii mwaka 1960. Mwaka uliofuata akazaliwa Barack Obama.

Kwa Kiswahili hesabu yake inakwenda vizuri kabisa: Mary Ann ni mtoto, Ralph mjukuu, Stanley kitukuu, Ann kilembwe, Barack kilembwekeza. Mtu akikuambia lugha yetu haina maneno ya kutosha mwambie ahesabu hapo.

Nasaba ya Obama upande wa baba Wakenya tunaifahamu, au tunajua wa kumuuliza. Onyango mwana wa Obama, mwana wa Opiyo, mwana wa Okoth, mwana wa Obongo, na kadhalika, mpaka unafika kwa Ogelo aliyeachia ukoo jina lake. Imehifadhiwa vichwani mwa watu. Upande wa mama ni kinyume: alipoanza kugombea urais mwaka 2007, mtaalamu wa nasaba Megan Smolenyak aliupanda mti huo hadi kijiji cha Moneygall nchini Ireland, na silaha yake kubwa ilikuwa makaratasi ya serikali, mahakama na kanisa. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mwenye kazi ya kufanya, kwa sababu ni somo bora la hifadhidata ninalolijua.

Nianze na jambo ambalo watu hulisahau. Hakuna karatasi hata moja kati ya hizo iliyoandikwa ili wajukuu wamjue babu yao. Moja iliandikwa kugawa viti vya Bunge, nyingine kwa ajili ya forodha, nyingine ili mahakama ijue nani anachukua ekari za marehemu. Falmouth tunamwona kwa sababu alipita mbele ya watu waliokuwa wakihesabu kitu kingine. Ni kama kumtafuta mtu kwenye logi za seva: seva haikukusudia kuandika maisha yake, ila kila alipogusa mlango iliandika mstari.

Na kama kila mtu aliyewahi kuunganisha majedwali mawili anavyojua, tatizo liko kwenye ufunguo. Kenya leo tuna nambari ya kitambulisho. Karne ya 19 haikuwa nayo. Una jina (linaloandikwa vyovyote), umri (wa kukisia), na mahali. Kwa hivyo unaunganisha kwa kufananisha, halafu unatafuta ushahidi mwingine wa kukukatalia. Ukikosa wa kukukatalia, unaendelea.

Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kuanza na aliye karibu na kurudi nyuma. Mary Ann alizaliwa mwaka 1869, katika wilaya ya Tipton, Indiana. Kwa hiyo sensa ya kumtafutia ni ile ya 1870, akiwa bado mtoto mchanga nyumbani kwa wazazi wake, Falmouth na Charlotte Holloway, waliooana Ohio mwaka 1852.

Tuitazame hiyo sensa kama jedwali. Safuwima zake ni jina, umri, jinsia, rangi, kazi, thamani ya ardhi, thamani ya mali nyingine, mahali pa kuzaliwa, alama ya kuonyesha kama baba au mama alizaliwa nje ya nchi, nani hajui kusoma, nani hajui kuandika. Nzuri sana. Sasa tafuteni safuwima ya uhusiano: nani mke, nani mtoto, nani kibarua analala tu pale. Haipo. Iliongezwa mwaka 1880. Mwaka 1870 unaona majina yaliyopangwa chini ya mkuu wa nyumba na unakisia kwamba mwanamke wa pili kwenye orodha ni mke. Mara nyingi ni kweli. Lakini nimeona majedwali ya ofisini yaliyoundwa kwa mtindo huo huo, na mnajua huishia wapi.

Mahali pa kuzaliwa nako ni jimbo au nchi tu. Falmouth angesema Moneygall na karani angeandika Ireland. Ndiyo maana familia nyingi za Marekani hujua kwamba babu alitoka Ireland na zinakwama hapo hapo kwa vizazi vitano.

Watu waliokwenda nyumba kwa nyumba walilipwa kwa sheria ya 1850, iliyoendelea kutumika hadi 1870: senti 2 kwa kila jina, senti 10 kwa kila shamba, na posho ya safari kwa maili. Kisha kazi ilinakiliwa kwa mkono, nakala ya kubaki wilayani, ya jimbo na ya Washington. Tunachosoma leo kwenye skrini mara nyingi ni nakala, iliyopigwa picha kwenye mikrofilamu, ikachanganuliwa, ikachapwa upya na mtu wa kujitolea ambaye huenda hajawahi kusikia jina Falmouth. Na kweli jina hilo linatokea pia kama Fulmouth. Magazeti ya 2007 yalilitumia hivyo.

Hapa ndipo PHP inaamka.

Mnaifahamu ile kazi ya soundex() iliyomo ndani ya PHP? Inayochukua neno na kukurudishia herufi moja na tarakimu tatu? Wengi tumeipita tu kwenye mwongozo. Asili yake ni hataza aliyopewa Robert Russell mwaka 1918, miaka mingi kabla ya kompyuta. Katika miaka ya 1930 serikali ya Marekani ilikuwa na watu wengi wasio na kazi, na ilikuwa imeanzisha malipo ya uzeeni kwa sheria ya 1935. Mzee angejaje kuthibitisha umri wake ilhali alipozaliwa hakukuwa na cheti? Jibu: tazama sensa ya utotoni mwake. Basi wakaajiri makarani kuandika kadi za sensa, wakazipanga kwa Soundex ili Smith na Smyth wakae droo moja.

Tujaribu. Kearney ni K650. Karney pia K650, safi. Lakini Carney, ambalo masikioni mwa karani wa Indiana halina tofauti yoyote, ni C650, kwa sababu Soundex haigusi herufi ya kwanza. Droo nyingine kabisa! Mtafutaji asiyelijua hilo anaweza kuapa kwamba babu yake hakuhesabiwa. Falmouth na Fulmouth zote mbili ni F453, hapo hatuna ugomvi.

Jaribuni na majina yetu mcheke. Odhiambo na Odiambo ni O351, vizuri. Lakini Ouma na Owino wote ni O500, na Wanjiku na Wangechi wote ni W522. Mwangi na Mungai: M520. Ukiweka Soundex kwenye mfumo wa hospitali huku kwetu na ukauamini, utampa Ouma dawa za Owino. Kanuni ile iliundwa kwa matamshi ya Kiingereza, na mtu anayetaka kuitumia kwa majina ya Kiluo au Kikuyu inabidi aandike ya kwake. Mtu akitafuta mradi wa kumalizia masomo, huo hapo.

Kuna jambo jingine kuhusu zile kadi. Kwa sensa ya 1880, makarani walitengeneza kadi za nyumba zenye mtoto wa miaka 10 au chini tu, kwa sababu hao ndio waliokuwa wanakaribia kudai malipo. Mary Ann wakati huo alikuwa na miaka 10 au 11 hivi, yaani pale pale kwenye mpaka. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo majina yote ya sensa hiyo, zaidi ya milioni 50, yalipatikana kwa kutafuta kwenye kompyuta, baada ya waumini wa kanisa la Wamormoni kujitolea kuyachapa kwa zaidi ya miaka 15. Wao nao wana sababu yao: mafundisho yao yanaruhusu kubatizwa kwa niaba ya mababu, na huwezi kubatizwa kwa niaba ya mtu usiyemjua jina. Muundo wa GEDCOM ambao programu zote za nasaba hubadilishana data ni wao pia, tangu 1984. Ndani yake kuna kitu ninachokipenda: tarehe inaweza kuandikwa ABT 1830, yaani takriban. Ni mara chache sana muundo wa data hukubali waziwazi kwamba haujui. Sisi tunaweka 01/01/1970 na kunyamaza.

Turudi kwa mkulima. Ukimtafuta Falmouth kwenye sensa ya 1880 hayupo, kwa sababu alishafariki. Sasa unataka cheti cha kifo. Indiana ilianza kuandikisha vifo mwaka 1882. Miaka minne tu! Basi kifo chake hakikuacha mstari kwenye rejista ya jimbo, na kwa mtu wa namna hii unakwenda kwenye milango mingine: mawe ya makaburini, na faili za mirathi kwenye mahakama ya wilaya, kwa kuwa mkulima akifa kuna ardhi, na ardhi haiwezi kukaa bila jina. Mtu maskini asiye na ardhi ndiye anayepotea kabisa. Mwenye ekari anaandikwa akinunua, akiuza, akilipa kodi na akifa. Kwenye ofisi za wilaya za Marekani vitabu vya hati vina faharasa mbili, moja kwa jina la muuzaji na moja kwa jina la mnunuzi, na mke naye hutajwa shamba likiuzwa, kwa sababu sheria ilimpa haki fulani katika ardhi ya mumewe hivyo ilibidi aiachilie kwa saini. Wanawake wengi wa karne ile hawana karatasi nyingine yoyote yenye jina lao kamili isipokuwa hiyo ya kuachilia.

Kama babu yako alikuwa mkulima, Marekani ina zawadi nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Kati ya 1850 na 1880, sambamba na sensa ya watu, palikuwa na sensa ya mashamba. Kila mkulima ana mstari wake: ekari zilizolimwa na zisizolimwa, thamani ya shamba, farasi wangapi, ng'ombe wa maziwa wangapi, kondoo, nguruwe, busheli za ngano, busheli za mahindi, ratili za siagi. Mwaka 1880 wakaongeza hata mayai. Mwaka 1850 na 1860 shamba lenye mazao ya chini ya dola 100 kwa mwaka halikuandikwa. Kwa hivyo kutokuonekana pia ni habari: unajua angalau kwamba mwaka huo hakufika dola 100. Mimi ningetoa picha tano za mababu nipate mstari mmoja kama huo. Picha itakuonyesha koti la kuazima la siku ya Jumapili. Ratili za siagi zitakuonyesha mke aliamka saa ngapi.

Sasa tuvuke bahari. Ilifikaje Ireland?

Sheria ya Marekani ya 1819 ilimlazimu kila nahodha kumkabidhi afisa wa forodha bandarini orodha ya abiria: jina, umri, jinsia, kazi, nchi. Lengo lilikuwa kuzuia meli zisishindilie watu kama magunia. Kwa sababu hiyo tunajua kwamba Falmouth, umri miaka 19, alishuka New York mwezi Machi 1850 kutoka kwenye meli iliyoitwa Marmion, iliyotokea Liverpool. Alisafiri na dada yake Margaret na shemeji yake William Cleary. Watalii wengi hudhani kila Mwairishi alipitia Ellis Island. Kituo kile kilifunguliwa 1892, na hata kile cha Castle Garden kilichokitangulia kilianza 1855. Falmouth alishuka gatini tu kama mtu anayeshuka matatu, akaenda zake.

Huyo Margaret ni muhimu kuliko anavyoonekana. Jina Kearney si haba nchini Ireland, na kijana wa miaka 19 peke yake kwenye orodha ya meli angeweza kuwa yeyote. Lakini kijana na dada na shemeji, kisha watu hao hao wanaonekana tena Ohio karibu na baba yao, hapo nafasi ya kubahatisha inapungua sana. Wataalamu wa nasaba wana msemo wa kazi yao kwamba usimtafute mtu, tafuta majirani zake. Kwa lugha yetu: ukikosa ufunguo wa safu moja, tengeneza ufunguo kwa kuunganisha safu kadhaa.

Na kwa nini Ohio? Mkulima wetu hakuzaliwa mkulima. Baba yake, Joseph Kearney, alikuwa mshona viatu huko Moneygall. Ndugu yake Joseph, Francis, alikuwa ametangulia Ohio akapata ardhi, na alipofariki alimwachia Joseph. Joseph akavuka mwaka 1849, mwanawe akamfuata mwaka uliofuata. Ireland wakati huo ilikuwa katikati ya njaa kuu iliyoanza 1845, viazi vilipooza shambani kwa ugonjwa, watu kama milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni wakahama. Wengi waliondoka kwa sababu hawakuwa na kitu. Akina Kearney waliondoka kwa sababu walikuwa na kitu, ila kilikuwa upande wa pili wa bahari. Wasia wa ndugu mmoja ukawageuza washona viatu kuwa wakulima wa mahindi. Haya yote yasingejulikana kwa kusoma sensa peke yake; sensa ingesema tu, Mwairishi, mkulima, na ungemhesabu na wale waliokimbia njaa mikono mitupu.

Kijiji cha Moneygall kipo Offaly, wilaya ambayo zamani iliitwa King's County, mpakani na Tipperary, nacho kina watu kama 300. Kwenda kuthibitisha kwamba Joseph alitoka hapo kulikuwa na kizingiti ambacho kila mtafutaji wa Ireland anakijua kwa uchungu. Tarehe 30 Juni 1922, wakati wa mapigano ya wenyewe kwa wenyewe Dublin, jengo la kumbukumbu za taifa pale Four Courts lililipuka na kuungua. Karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 ziliteketea. Zile za 1861 na 1871 zilikuwa zimeharibiwa na serikali yenyewe ilipomaliza kuchukua takwimu, na za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ya kwanza iliyobaki nzima ni ya 1901. Jengo moja, bila nakala rudufu. Nikiona mtu anaweka nakala ya hifadhidata kwenye seva ile ile iliyo na hifadhidata yenyewe, huwa namsimulia kuhusu Dublin.

Rejista za Kanisa la Ireland, lile la Kiprotestanti, nyingi zilikuwa zimepelekwa kwenye jengo hilo kwa amri ya sheria, na zaidi ya nusu ziliungua. Zilizonusurika ni zile ambazo parokia zilibaki nazo. Akina Kearney walikuwa waumini wa kanisa hilo, kitu ambacho ungekosea kirahisi ukijua tu kwamba Waairishi wengi ni Wakatoliki. Mchungaji wa eneo hilo alipoombwa atazame, rejista za kale za Templeharry zilikuwa bado zipo, na familia ya mshona viatu ikaonekana ndani yake. Kumbukumbu za taifa ziliungua Dublin. Daftari la kanisa la kijijini likabaki.

Tarehe 23 Mei 2011 Obama alikwenda Moneygall, akanywa bia kijijini mbele ya kamera, na tangu 2014 kuna kituo kikubwa cha petroli barabarani hapo kinachoitwa Barack Obama Plaza. Falmouth amezaa hadi chipsi.

Kabla hatujarudi nyumbani, tutazame tena sensa hiyo hiyo ya 1850. Ilikuwa ya kwanza Marekani kuandika jina la kila mtu huru. Kabla ya hapo mkuu wa nyumba tu ndiye alikuwa na jina. Nimesema mtu huru. Watumwa waliandikwa kwenye karatasi ya pembeni: jina la mwenye kuwamiliki, kisha safu za umri, jinsia na rangi. Majina yao hayapo, ila kwa nadra sana. Mwaka 1860 hao walikuwa karibu milioni 4, na wengi wao walilima kuliko Falmouth. Mjukuu wao leo akirudi nyuma anafika 1870, sensa ya kwanza iliyowaandika majina wote, anagonga ukuta. Ng'ambo ya mto Ohio, upande wa Kentucky, mtu mwenye umri sawa na Falmouth, anayelima mahindi yale yale, ni tarakimu 19 na herufi M.

Huku kwetu ukuta uko mahali pengine. Falmouth alipofariki, serikali ya kuandika vijiji vya Nyanza haikuwepo. Kodi ya nyumba ilianza 1901, ikahesabu vibanda. Kipande kilitungiwa sheria 1915 na kuanza kutumika baada ya vita, ili Mwafrika asikimbie kazi ya mzungu. Sensa ya kwanza ya Waafrika nchi nzima ilifanywa 1948. Kwa hivyo mtu anayeniuliza kama anaweza kumfuata babu wa babu yake mkulima kwa makaratasi ya karne ya 19, jibu langu kwa sehemu kubwa ya bara ni hapana. Pwani kuna hati za ardhi na kumbukumbu za makadhi, hao wana bahati. Wengine tuna ukoo unaokaririwa. Nao una muundo wake: ni orodha ya baba kwa mwana, haina miaka, mama wengi wameachwa nje, lakini ufunguo wake ni imara kuliko wa Indiana, kwa sababu nani ni mtoto wa nani ndilo jambo pekee ambalo ulitungwa kulihifadhi. Sensa ya 1870 ilikuwa na kila kitu isipokuwa hilo.

Anayetaka kuanza, aanze na simu yake: mwombe nyanya yako ataje majina huku unarekodi, umuulize pia babu aliajiriwa na nani na wapi, maana mwajiri ndiye aliyeacha karatasi. Baada ya hapo ndipo uende Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue ukaombe faili za wilaya.

Obama mwenyewe, katika kitabu chake cha 1995, anasimulia alivyoonyeshwa Alego kijitabu cha babu yake Onyango, kile cha watumishi wa nyumbani kilichotolewa kwa sheria ya 1928. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole, maoni ya waajiri, na maelezo ya mwili ya kumtambulisha akitoroka. Kwenye safu ya meno, afisa aliandika kwamba sita hayapo. Mjaluo yeyote wa wakati huo angeelewa: meno sita ya chini yaling'olewa kwa desturi kijana alipokua. Afisa alihesabu tu mapengo.